Jina Lisilo na Mlango

"Na Ayelumi, Baba," alisema mpiga pasi, macho ameyafumba, viganja viko juu ya magoti kana kwamba analainisha kola ya shati. "Usimsahau Ayelumi. Ile sumu uitoe. Lile koo ulilegeze. Mrudishie sauti yake."

"Mrudishie!" waliitikia wenzake.

Chumba cha nyuma ya kanisa kilikuwa na joto la watu. Viti vya plastiki vilipangwa duara, na mezani ilikaa chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa, kwa kuwa siku hiyo walikuwa wamefunga tangu asubuhi. Mama Mwenyekiti, mwanamke mpana mwenye duka la rangi, alikuwa akilia waziwazi. Aliyafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, kisha akayafumbua macho na kuona kuna mtu amesimama mlangoni.

Alikuwa binti wa mpiga pasi. Mama yake alikuwa ameusahau ufunguo wa nyumba, naye amemletea.

"Ingia, mwanangu, umekuja wakati mzuri," alisema Mama Mwenyekiti. "Tuambie basi, mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi, mama?"

"Si huyo rafiki yako. Ayelumi."

Ufunguo ulimponyoka binti ukalia sakafuni. Hakuinama kuuokota. Alimwangalia mama yake, akawaangalia wale wanawake, akamrudia mama yake.

"Mama," alisema polepole, "Ayelumi hayupo."

Bibi mmoja aliyekaa karibu na dirisha alijishika kichwa kwa mikono miwili akapiga ukelele.

"Amefariki! Jamani, mtoto wa watu!"

"Hapana, bibi! Hajafa! Yaani hayupo kabisa. Hajawahi kuwepo. Ni Mwelfi. Ni mtu wa kwenye mchezo wetu wa Jumamosi."

Wanawake waligeukiana.

"Mwelfi ndiyo kabila gani?" aliuliza bibi, mikono bado iko kichwani.

"Si kabila, bibi. Ni watu wa kubuni. Tunakaa mezani, tunarusha dadu, tunasimulia hadithi, na kila mmoja wetu anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi. Waelfi wanaishi msituni mamia ya miaka. Ni warefu, na masikio yao yamechongoka hivi." Alionyesha kwa vidole, kisha akavishusha kwa haya.

Bibi aliishusha mikono. "Kwa hiyo mimi, na vidonda vyangu vya tumbo, nimeshinda na njaa kwa ajili ya mtu wa masikio?"

Mtu alicheka puani. Mama Mwenyekiti alimtupia jicho, na kile kicheko kikafia kilipozaliwa.

Mpiga pasi alitamani sakafu ipasuke immeze. Uso ulimwaka kama aliyeinamia mvuke wa mashine. "Lakini nimemsikia," alisema. "Kwa masikio yangu haya, sebuleni kwangu. Nimemsikia akiongea."

"Majuma yote haya," alisema Mama Mwenyekiti, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi, "tumekwenda mbele za Mungu na mtu ambaye hakumuumba. Nenda nyumbani, dada. Uliza vizuri. Alhamisi ijayo utatuambia tulikuwa tunamwombea nani."

Akaimimina chai.

*

Binti aliuokota ufunguo, wakatoka pamoja, wakavuka barabara kubwa.

Mpiga pasi alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, na Jumamosi alichukua nguo za majirani akazipigia pasi nyumbani, nyuma ya pazia lililotenga chumba chake na sebule. Upande wa pili wa pazia walikaa binti yake na wenzake. Aliwahi kuuliza kama zile dadu ni kamari, akaambiwa hapana, ni hadithi tu. Akashukuru Mungu, akaendelea na kazi. Pasi ilipopumua, mvuke ulimeza nusu ya maneno yao. Ilipotulia, aliwasikia.

Na sauti moja aliipenda kuliko zote. Ilikuwa sauti ya msichana, yenye kutiririka, isiyo na haraka, na wenzake walimwita Ayelumi. Msichana huyo alipoanza kuzungumza, mpiga pasi aliinyanyua pasi juu ya nguo na kusikiliza. Halafu Jumamosi moja ile sauti haikuwepo. Badala yake akasikia: "Sumu imeshika koo, hawezi kusema." Jumamosi iliyofuata: "Ayelumi bado hajaamka. Tusipopata tabibu, tutampoteza."

Angeuliza nini? Msichana na sumu. Kila mzazi anajua hadithi ya namna hiyo, na anajua pia kwamba haiulizwi ovyo. Alilipeleka jina mahali anapopeleka mambo yasiyoulizwa.

"Mwanangu," alisema sasa, "ile sauti ilikuwa ya nani?"

"Sauti ipi?"

"Ya Ayelumi. Hata kama ni mchezo, kuna mtu aliyekuwa akimsemea."

Binti alimtazama kwa mshangao. "Ya Kimya, mama. Ya nani mwingine?"

Mpiga pasi alisimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli alimpigia kengele, akamkwepa, akamtukana huku akienda zake.

"Kimya yupi? Huyu Kimya anayesuuza vikombe?"

"Huyohuyo."

Huyohuyo! Msichana mwembamba ambaye kila baada ya mchezo alibaki jikoni kuosha vyombo, na ambaye siku moja alitaka kusema asante, akakwama kwenye herufi ya pili, shingo ikamkaza, macho yakamtoka, mpaka mpiga pasi kwa huruma akamalizia yeye: "Asante, eh? Karibu sana, mwanangu." Tangu hapo msichana alimjibu kwa kichwa tu. Wenzake walimwita Kimya, naye hakukataa.

"Huyu mtoto ana kigugumizi," alisema mpiga pasi. "Ile sauti haikuwa na kigugumizi."

"Akiwa Ayelumi hana."

Walikaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya duka lililofungwa, na binti akaeleza. Ilikuwa siku ya kwanza kabisa ya mchezo, siku ya kuchagua majina. Msimulizi, kijana mtengeneza simu anayeongoza hadithi yao, aliwapa utaratibu. Jina la mbilikimo, alisema, unaligonga. Jina la Mwelfi unalimimina. Watu wanaoishi mamia ya miaka hawana haraka, kwa hiyo majina yao hayana kona. Ukilichagua, nenda dirishani, liite kuelekea paa za mbali. Likivunjika njiani, si la Mwelfi.

"Tembo akaja na Brakatoz," alisema binti. Tembo alikuwa mchomeleaji wa mageti, mkubwa kama geti lenyewe. "Msimulizi akamuuliza, huyo ni Mwelfi au ni breki ya lori? Tukacheka mpaka tukalia. Mwisho akakubali kuitwa Oloyani. Mimi nikachukua Sielawe. Kimya akakaa. Kila tulilompa alitikisa kichwa. Alikuwa anayaonja, mama, mdomo unacheza bila sauti, kama mtu anayepima ngazi kwa mguu kabla hajapanda. Giza linataka kuingia, sisi tumechoka. Halafu akainuka, akaenda dirishani, akasema: Ayelumi. Hivyo tu, moja kwa moja. Hata Tembo alinyamaza. Hatukuwahi kumsikia akisema neno zima."

"Na sasa amekwenda wapi?"

"Ameacha kuja. Kuna mahali aliitwa kwenye usaili wa kazi, na tangu siku hiyo hatujamwona. Sasa mezani tuna desturi: mwenye mtu asipokuwepo, mtu wake hauawi. Analazwa mpaka mwenyewe arudi. Msimulizi akaona apigwe mshale wa sumu kooni, ili tuwe na sababu ya yeye kunyamaza. Tumekuwa tukimbeba kwenye machela msitu mzima." Alichezea ufunguo. "Lakini jana Kimya amemtumia Msimulizi ujumbe. Neno moja."

"Neno gani?"

"Muueni."

Mpiga pasi aligeuka akamtazama usoni.

"Kwa hiyo Jumamosi tutamzika," alisema binti. "Kwa heshima, mama. Msimulizi ameshaandaa maneno. Ndiyo mchezo ulivyo."

"Wewe, mwanangu wewe!" Alimshika mkono kwa nguvu asiyojua anayo. "Msichana anasema muueni yule ambaye ndani yake anaweza kuongea, na nyinyi mnaandaa maneno? Huo nao ni mchezo?"

Rangi ya uso wa binti ilibadilika. Ilionekana wazi kwamba hakuwahi kulitazama jambo hilo upande huo.

*

Kesho yake, kazini, mpiga pasi aliunguza kola. Shati jeupe la mgeni, alama ya kahawia kama jani. Msimamizi alikuja akalitazama, akamtazama yeye, akaondoka akitikisa kichwa kwa kutoamini. Jambo kama hilo halikuwahi kutokea mezani pake.

Alipomaliza zamu alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake Kimya, mwanamke anayeuza vifungo na nyuzi katika kibanda kilichoshikana na nyumba yao.

"Usaili ulikuwa wa kukaa mapokezi," alieleza shangazi kwa sauti ya chini, huku akipanga vifungo visivyohitaji kupangwa. "Nilimwambia asiende huko, akang'ang'ania. Walimuuliza jina, dada yangu. Jina tu. Akakwama. Mmoja wao akamwambia, vipi, umelisahau? Tukusaidie? Wakaanza kumbahatishia majina, wanacheka, kila mtu na lake. Na yeye amesimama pale. Alirudi hapa hajasema neno, na mpaka leo hajasema. Chakula anakionja tu. Mimi nimebaki kuongea na ukuta."

Ndani, Kimya alikuwa amelala ubavu, uso kwa ukuta kweli. Mpiga pasi alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Hakujua aanze wapi, akaomba kimoyomoyo, akaanza na ukweli.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Nimekutangaza kwa Mungu kwamba umekunywa sumu."

Mgongo haukujongea.

"Nilikusikia nyuma ya pazia, nikakupenda. Ukapotea. Nikasikia sumu, nikasikia koo, nikaamini. Nimelipeleka jina lako kwenye maombi. Tumefunga. Jana ndiyo nimeambiwa kwamba tunamwombea mtu mwenye masikio hivi. Kuna bibi mmoja ana vidonda vya tumbo, huyo sijui kama atanisamehe."

Bega lilitikisika mara moja. Kilio au kicheko, hakujua.

"Unajua tulikuwa tunasema nini? Mimi sijui mambo ya mishale. Nilikuwa nasema: lile koo lilegeze. Mrudishie sauti yake. Na wenzangu wanaitikia. Majuma yote haya, wanawake ambao hawajawahi kukuona."

Kimya aligeuka. Uso wake ulikuwa umekonda, na macho yalikuwa makubwa kama ya mtu aliyeitwa kutoka nyuma mahali asipotarajia kuwa kuna anayemjua. Alijiinua akaketi. Walitazamana, wote wawili wamepigwa na butwaa. Kwa sababu ni wakati huo tu, baada ya kuyasema mwenyewe kwa sauti, mpiga pasi aliyasikia maneno yake. Yeye alidhani amempa Mungu anwani isiyo sahihi, kumbe maneno yalikuwa ya msichana huyuhuyu.

"Kwa nini Ayelumi?" aliuliza kwa mnong'ono. "Kwa nini ulilichagua hilo?"

Midomo ya msichana ilianza kukaza. Mpiga pasi aliona neno likipanda na kugonga, na huruma ikamsukuma kumalizia, kama siku ile ya asante. Aliuma ulimi. Kimya alifumba macho, akavuta pumzi.

"Ayelumi," alisema, na ile sauti ikaingia chumbani, ileile ya nyuma ya pazia. Nje, vifungo vilimwagika. Shangazi alikuwa ameangusha boksi zima. "Ayelumi halina mlango. Unaingia tu. Langu lina mlango mwanzoni, mama, na mimi nabaki nje na watu wananiangalia."

Mpiga pasi aliweka mkono mdomoni.

"Alhamisi nitarudi kule," alisema alipoweza. "Wameniambia niwaambie tulikuwa tunamwombea nani. Nataka kukupeleka kwa jina lako. Binti yangu analijua, lakini nimemkataza asinitajie. Sitaki kuletewa na mtu mwingine, nataka nilisikie kwako."

Kimya alitikisa kichwa, hofu imemrudia usoni. Akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Akageukia ukuta.

*

Jumamosi pazia lilifunguliwa. Mpiga pasi alitandika meza yake ya kazi mahali palepale, akaiwasha pasi na kuisimamisha wima, lakini yeye mwenyewe alikwenda kukaa na vijana, kwenye kiti kilichobaki wazi siku zote hizo. Alisema: kabla hamjamzika, nataka niwepo.

"Huwezi kukaa bila jina, mama," alisema Msimulizi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na tangu binti amweleze habari ile alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Karatasi ya maneno ya maziko alikuwa ameikunja akaikalia. "Msitu hauruhusu."

"Basi niiteni Safi."

"Hiyo sabuni, mama," alisema Tembo.

"Mpole?"

"Mbwa wa jirani yetu," alisema binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi wote walicheka.

Mpiga pasi alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyepewa kumtaja mtoto mchanga. Alitafuta kitu alichokijua kwa mikono.

"Unyevu," alisema.

"Mama, unyevu?"

"Nguo kavu haisikii pasi. Unaweza kuisukuma mpaka jioni, utaikunja zaidi. Lazima iwe na unyevu kidogo, halafu usiiharakishe."

Hakuna aliyecheka. Msimulizi alilizungusha neno mdomoni. "Unyevu. Unyeve. Unyeveli." Akamwonyesha dirisha. Mpiga pasi aliinuka akavuta pazia dogo, akaliita kuelekea paa za mabati, "Unyeveliii!" na jina likaenda, halikuvunjika. Mahali fulani mtu akajibu, "Naaam!"

Walikuwa bado wanacheka mlango ulipogongwa.

Ulifunguka nusu. Kimya alisimama kizingitini na viatu vyenye tope, nyuma yake shangazi, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amefunga duka mchana. Tembo aliachia mdomo wazi. Binti wa mpiga pasi alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

Msimulizi alikuwa ameshika dadu. Hakuzirusha. Alikumbuka kazi yake, akauliza kama alivyomuuliza kila aliyeingia katika mchezo wake:

"Nani anaingia?"

Jibu lilikuwa jepesi, na kila mmoja mezani alilijua. Lilikuwa halina mlango. Lakini Kimya hakumtazama Msimulizi. Alimtazama mpiga pasi, pale dirishani, na midomo yake ikafungana, ikakaza, kwa herufi nyingine kabisa, ile ya kwanza ya jina lake halisi.

Herufi iligonga. Ikagonga tena. Mshipa ulimsimama shingoni, na macho yakaanza kumtoka. Shangazi alifumba yake. Tembo alisogea mbele, neno limeshamfika ulimini, analijua, ana nia njema.

Mpiga pasi aliinua mkono kumzuia. Aliuinua kama anavyoinyanyua pasi kitambaa kinapohitaji muda, si juu sana wala si chini, akaubakiza hapo hewani. Nyuma yake, kwenye meza ya kazi, pasi yenyewe ilipumua, mvuke ukapanda taratibu mpaka darini. Hakuna aliyegeuka kuutazama.